Leberkeze ya Baba Loai

Masouda alikuwa keshachoka. Friza ya nyumba yao ya Bawshar imejaa leberkeze, nyama ya ng'ombe ya kutoka Bavaria, Ujerumani, inayosagwa ikalainika, ikaokwa kama mkate, kisha ikakatwa vipande vya kuweka juu ya piza. Mwanawe Loai, anayesoma huko, huinunua kwa bucha wa Kituruki, halali, na kila likizo huja nayo. Basi mumewe Sleyum haambiliki kwa nyama hiyo.

Na Sleyum huyo ana goti la kupasuliwa. Mwaka wa pili huu anasali juu ya kiti. Kwa miezi minane mara mbili kapelekwa hospitali, mara mbili presha imekutwa juu, karudishwa nyumbani bila kupasuliwa. Miadi ya tatu ni Jumapili.

"Soma hapa," Masouda alimwambia Alkhamisi, kamshikia pakiti mbele ya miwani. "Gramu mia zina mafuta ishirini na tano, chumvi mbili. Protini ipo, sikatai. Lakini weye huli mia, unakula mia tatu. Chumvi gramu sita kwa mkao mmoja, na mtu asipite tano kwa siku nzima."

Sleyum akajibu kwamba kesho kamwalika sahibu yake Sinan, na piza keshamuahidi. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kila akiitamani nyama yake hualika mtu, anajua mkewe hatomnyima mgeni. Safari hii Masouda akawapigia simu nduguze wa Mabela na Al Amerat, waje wote. Wakaja kumi na mmoja, na piza nne zikaisha mwenyeji bado anakaribisha watu. Akabaki na samaki wa kuchoma asiye na chumvi.

Wageni walipoondoka, Sleyum hakumgusa samaki.

"Sasa presha itashuka," alisema taratibu.

"Si ndilo tulitakalo?"

"Mlitakalo nyie. Mie karatasi ya pakiti ile nimeisoma kabla yako, Mama Loai, nikajua presha ikiwa juu hawanipasui. Marehemu kaka yangu Nawar aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatolewa maiti. Nnaogopa."

Masouda alimtazama, hasira zimemjaa kifuani na machozi yanamlenga.

"Miezi minane nnagombana na nyama, nawe umenyamaza tu?"

Akavuta sahani, akamchambulia samaki miiba.

"Kula. Jumapili nitakaa mlangoni pao. Wakichelewa kukutoa, nitaingia nikutoe mwenyewe."