Mkasi wa Fundi na Filamu za Jumamosi

Mwezi uliopita nilikuwa saluni moja ya mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, kichwa nimemwachia msusi, macho nimeyapeleka kwenye televisheni ya ukutani. Kulikuwa na tamthilia ya mauaji, na wasichana wanne walikuwa wakibishana muuaji ni nani. Mmoja alimshuku mume, mwingine daktari. Nikawaambia, "Ni dada ya marehemu. Muangalie vile anakunja shali yake." Haikupita robo saa, dada ya marehemu akatiwa pingu, na saluni nzima ikanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma aue.

"Mama, ulijua namna gani?"

Nilicheka tu. Ningeanzia wapi? Lakini wewe una nafasi, basi kaa nikueleze. Mimi sikujifunza filamu chuoni wala vitabuni. Nilifundishwa na fundi wa nguo, na somo kubwa kuliko yote nililipata kwa kosa langu mwenyewe.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi wa shaba, nyumba za matofali mekundu zinazotazamana, kila moja na bomba lake na kibustani cha matembele nyuma. Baba alifanya kazi kwenye tanuru. King'ora kikilia alfajiri, kambi nzima iliamka kwa pamoja: milango, ndoo, kikohozi cha wazee, baiskeli kuelekea mgodini. Majira ya baridi, mwezi wa sita na wa saba, moshi wa bomba kubwa ulishuka chini ukatuachia ladha kali ya kiberiti ulimini. Mpaka leo nikiwasha njiti naikumbuka kambi.

Nililelewa zaidi na nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita kambo. Alikuwa ametoka kaskazini ya Katanga na mumewe, mjenzi wa reli, na alikuwa Mkatoliki wa kweli, wa misa ya kwanza, si ya pili. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuchekecha unga. Kazi yake ilikuwa kusonga bukari, ndio ugali wetu, na aliusonga kwa mwiko mrefu kama kasia, sufuria ameibana kwa miguu, bila kutokwa jasho. Alikuwa na neno moja juu ya filamu, na 'bantu' kwake ni watu tu: "Sinema inafundisha bantu uongo." Hakuwahi kukanyaga ukumbi ule.

Ng'ambo ya njia, kwenye barza ya nyumba yake, alikaa fundi. Wazee wake walikuwa Waislamu waliotoka Maniema, naye alivaa kofia nyeupe iliyotarizwa na mkono wake mwenyewe. Pini alizishika kwa midomo, kwa hiyo asubuhi nzima alijibu watu kwa kuguna. Zilikuwa zile nyakati za kurudi kwenye asili, serikali imepiga marufuku suti na tai, na mabwana wa mtaa wa Makomeno walimletea makoti yao ayageuze kuwa abakosti, lile koti lisilotaka tai. Fundi alikuwa akisema kwamba ndani ya Zaire nzima tai imebaki kwa watu wa aina moja tu: wapelelezi wa sinema.

Maana fundi alipenda filamu za upelelezi kuliko chakula. Kila Jumamosi saa nane mchana kampuni ilionyesha filamu kwenye ukumbi wa wafanyakazi, na kabla hujaenda ulipitia kwake kuuliza. Mara nyingi alikuwa ameshazungumza na mtu wa mashine ya kuonyeshea, au ameshaiona mjini.

"Ya leo, muende," angesema. "Ile ya mwanamuke mwenye kutengeneza saa. Lakini musiangalie mwizi. Muangalie polisi muzee, ule mwenye hasemi."

Au: "Ya leo, mulale. Bunduki mingi, akili kidogo."

Filamu zenyewe zilikuwa za Kifaransa, Kifaransa cha haraka, na wengi ukumbini hatukushika hata nusu. Fundi alisema hiyo ndiyo bahati yetu. "Maneno inadanganya," alikuwa akitufundisha, "mikono haina akili ya kudanganya." Kwa hiyo tuliangalia mikono. Ipo filamu moja aliyoipenda ambayo jina lake sikulijua hata siku ile. Polisi wanagonga kwa mama mmoja ambaye mtoto wake, aliyeua, amejificha chini ya kitanda. Mama anawakaribisha, anawamiminia kahawa. Sauti yake tulivu, uso wake mtulivu. Ila kikombe anakijaza mpaka kinafurika kwenye kisahani, naye haoni. Yule mwigizaji hakukaa kwenye kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea zaidi ya dakika tatu, na fundi alituambia kwamba hao wengine wote, wenye majina makubwa kwenye tangazo, wangekwenda kumfulia nguo.

Nilikuwa na miaka kumi, na kichwa changu kilijaa wapelelezi. Nikaanza kusikitika kwamba kambini kwetu hakuna lolote linalotokea.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Jumamosi moja ya baridi, kesho yake ilikuwa sikukuu ya parokia, na wamama wa kwaya walikuwa wamempa fundi vitambaa awashonee wote sare. Alikuwa amechelewa, anakata huku anashona. Alipoingia ndani kusali sala ya asubuhi aliyoikosa, nikaingia kwenye barza na kuuchukua mkasi wake mkubwa, wenye vishikio vyeusi, aliorithi kwa baba yake. Niliuzika ndani ya pipa la unga jikoni kwetu. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa: fundi atashangaa, watu watakusanyika, mimi nitauliza maswali mawili matatu nikiwa nimeweka mikono nyuma, kisha nitaupata mkasi mahali fulani, na saa nane tutakwenda sinema nikiwa shujaa.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama nilivyoyapanga. Fundi alitoka, akatafuta, akatema pini zote. Wamama wa kwaya wakafika. Nami nikasogea na kuuliza kwa sauti nzito, "Nani alipita hapa wa mwisho?"

Swali hilo, rafiki yangu, heri nisingeliuliza. Maana mama mmoja akajibu palepale, "Ule muntu wa makala!"

Muuza makala, yaani mkaa, alikuwa mtu mwembamba aliyetoka upande wa Kinsevere, akisukuma baiskeli, sisi tunaiita kinga, yenye magunia matatu ya mkaa, umbali ambao mimi leo nisingeuweza kwa motokaa mbovu. Hakuwa mtu wa kambi, na hilo lilitosha. Walimkuta njia ya pili akipima mkaa. Walimrudisha wamemshika shati, na vijana wawili wa chama cha serikali, waliojipa kazi ya ulinzi wa kambi, wakachukua kinga yake na kumwaga magunia chini, wakichakura kwa miguu. Mkasi haukuwamo. Wakasema basi ameuficha, na fimbo itautafuta.

"Baba zangu, mi sijue mukasi," alikuwa akirudia. "Mi niko na makala tu."

Niliiona mikono yake. Ilikuwa imening'inia, wazi, kama ya mtu asiye na kitu hata kimoja cha kuficha. Mimi niliyefundishwa kuangalia mikono nilijua kila kitu, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Katika filamu, mwenye kosa anakimbia. Mimi hata kukimbia sikuweza.

Kijana mmoja alikuwa ameshavunja tawi na analichambua majani wakati kambo alipotoka nyumbani kwetu.

Sikumtambua kwanza. Kambo hakuwahi kutoka mlangoni bila kitambaa chake kufungwa sawasawa. Sasa kilikuwa kimeenda upande. Alitembea akiburuta mguu, yeye aliyebeba ndoo kichwani kunishinda mimi. Mkononi aliushika mkasi, kwa ncha, kama mtu aliyeokota samaki.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kikongwe, "mukasi yako haikati hata kamba ya mufuko. Kelele ya nini hapa inje? Naamka na bantu banapigana?"

Kijana mwenye tawi akauliza, "Kambo, njo weye mwenyewe ulikamata mukasi? Bila kuuliza?"

"Kuuliza? Niliuliza!" Kambo akakasirika, akamgeukia fundi. "Si nilikuambia, fundi, azima mi mukasi? Ulikuwa na pini mu kinywa, ukafanya 'mmh'. Ao mi njo nimezeeka sasa, nasikia maneno yenye haikusemwa?"

Watu wote wakamtazama fundi. Naye akaupokea mkasi. Akapitisha kidole gumba kwenye chuma, kidole kikatoka cheupe kwa unga. Akakiangalia kidole. Kisha akainua macho, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia mikono yangu, ambayo, ole wangu, ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Mmh," akasema fundi, taratibu. "Ni kweli. Niliitika. Niliitika na nimesahau. Mama, unisamehe. Na weye tata, baba wa makala, unisamehe sana."

Umati ukapasuka kwa kicheko. Wamama wakamcheka fundi na pini zake, kijana akatupa tawi, na kabla ya wote kutawanyika fundi alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi jekundu, kofia yake nyeupe kichwani, akirudisha mkaa guniani kwa mikono yake. Nikapiga magoti kando yake.

Nilipoingia jikoni kambo alikuwa amekaa kwenye kigoda, akifuta mikono yake kwa kitenge, ingawa unga ulikuwa umeshatoka. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema tu, "Nimesema uongo mbele ya kambi nzima, na kesho ni siku ya Mungu." Kisha akanikabidhi mwiko, na siku hiyo mimi ndiye niliyesonga bukari, wenye madonge, na watu wa nyumbani wakaula wote bila kulalamika. Filamu ya Jumamosi ile sikuiona.

Muuza makala alirudi Jumanne. Kambo alinishika mkono akanipeleka hadi kwake, kisha akasimama hatua tatu nyuma yangu ili niseme mwenyewe. Nilisema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akisafisha usukani wa kinga yake kwa shati.

"Mutoto, fimbo sikuogopa," akasema. "Fimbo inapitaka. Lakini hii kinga njo miguu ya nyumba yangu. Bangeibeba, batoto bangekula nini?" Akaacha kusafisha. "Miaka mbili naleta makala kwenu. Unajua jina yangu?"

Sikulijua. Akaniambia, akanitaka nilirudie, nikalirudia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwita kwa jina lake kutoka mwanzo wa njia, kwa sauti kubwa, na yeye alipiga kengele kunijibu.

Kwa fundi adhabu yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kila jioni baada ya shule, mpaka sikukuu ya Noeli. Adhabu gani hiyo! Nilikaa chini ya cherehani nikisikia filamu zote alizoona tangu ujana wake, nani alicheza vizuri na kwa nini, nani alilia machozi ya maji na nani alilia machozi ya kweli. Yule anayeniuliza leo nilisomea wapi, nilisomea pale, na pini zikinichoma vidole.

Lakini nimeruka jambo. Jumapili ile ya sikukuu, baada ya misa, fundi alivuka njia kumletea kambo blauzi mpya aliyomshonea. Alisimama mlangoni akashika kofia kifuani.

"Mama, miaka yote naangalia bantu ba sinema. Jana njo nimeona mwenye kuweza."

"Toka hapa," kambo akasema. "Sinema inafundisha bantu uongo."

"Na weye, mama, nani alikufundisha?"

Kambo alimtazama kwa hasira, midomo imebana, kisha kitu kikamshinda ndani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango, mpaka akajifuta machozi kwa blauzi mpya. Na Jumamosi iliyofuata, rafiki yangu, kambo alivaa kitenge chake cha Pasaka na kwenda sinema, fundi kulia kwake, mimi kushoto, karanga za kukaanga zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa.

Ilikuwa filamu ya mjane anayekaa peke yake na muuaji anayejifanya fundi wa maji. Kambo hakujua kwamba ukumbini watu hukaa kimya. Muuaji alipopanda ngazi, akasimama wima. "Mama! Usifungue! Ule muntu ni mubaya!" Ukumbi ukacheka, lakini mjane alipoweka mkono kwenye kitasa, wamama wawili walisimama naye, kisha safu nzima, kisha wafanyakazi wa tanuru kwa sauti zao za kushindana na mashine: "Usifungue! Usifungue!" Mjane wa Ulaya, ambaye hajui hata Lubumbashi iko wapi, akasita. Akaondoa mkono. Nakuapia kambo alikaa chini akiamini mpaka kufa kwake kwamba yeye ndiye aliyemwokoa.

Hakukosa Jumamosi tena. Miaka michache baadaye kazi za shaba zilianza kuyumba, mashine ya filamu ikaharibika na hakuna aliyeleta kipuri. Mabenchi yakachukuliwa moja moja. Fundi alihamia kwa binti yake, mbali, na huko ndiko alikozikwa. Kambo tulimzika kwa kwaya ileile, sare zimeshachakaa. Ukumbi sasa ni ghala la saruji. Nilichungulia dirishani mwaka jana, na pale palipokuwa na kitambaa cheupe pamepangwa mifuko hadi darini.

Filamu nitakuelekeza, hata leo, hata kumi. Ziko nzuri sana siku hizi, na wachezaji wake wanajua kazi, waangalie mikono. Utaziangalia kwenye simu yako, masikio umeyaziba, na kila mtu nyumbani ataangalia ya kwake. Lakini ukiniuliza ni wapi watu mia tatu wanasimama pamoja kumwonya mgeni asifungue mlango, huko sina namna ya kukuelekeza.