Mke Wangu Alipopanda Kilimani

Miaka mitatu mfululizo nilipanda kilima cha mawe kilicho nyuma ya kijiji chetu cha Samuye, kufunga na kuomba kwa siku tatu. Nilikuwa mzee wa kanisa, na nilitaka Mungu aseme nami waziwazi, kama wanaume wenzangu walivyosimulia. Sikuwahi kujiuliza nani anakamua ng'ombe nikiwa kule juu.

Mwaka wa tatu nilishuka midomo imepasuka, moyo mkavu vilevile. Mke wangu alinipa uji, akasema taratibu, "Jana nikiwa nasugua masufuria nilijikuta nalia. Sina huzuni yoyote. Nilijua tu Mungu yupo pale."

"Ni uchovu," nilimjibu.

Haukuwa uchovu. Alikuwa na utulivu ambao sikuwahi kumwona nao, na wanawake wa kwaya wakaanza kuja awaombee. Walinisalimia, wakanipita. Iliniwasha kifuani kama pilipili.

Asubuhi moja, mwaka uliofuata, alikuja jirani yetu, ambaye mumewe anachimba dhahabu Bulyanhulu na alikuwa hajapiga simu wiki kadhaa.

"Shikamoo baba. Mayu yupo?" Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama.

"Marahaba. Ametoka. Lakini mimi nipo, naweza kukuombea."

Akatazama chini. "Asante, baba. Nitarudi."

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, anaanua nguo. Alikuwa amenisikia; alinipita, akamfuata yule mwanamke njiani. Niliwaona wakisali wamesimama kando ya shamba la pamba.

Aliporudi akasema, "Mwaka huu nitapanda mimi."

"Na watoto?"

"Si wana baba?"

Akaenda. Nilikamua, nikachota maji, nikaunguza ugali, na mtoto mdogo akaharisha. Kila nilipopiga magoti kuna aliyeniita. Siku ya pili sikujaribu tena.

Aliposhuka nilimuuliza hata hajaketi, "Umeona nini?"

Alicheka. "Siku ya kwanza nililala tu. Tangu tuoane sijawahi kulala mchana bila mtu kuniita."

Nikamwonea wivu hata huo usingizi.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliniita niongoze maombi. Nilisimama, nikasema mke wangu ndiye aongoze, nikaketi. Alisali kwa Kisukuma, kwa maneno machache. Niliitikia amina pamoja na wengine. Iliniuma bado.