Kompyuta Iliyokataa Majina

Kuna harufu mbili ambazo zikikutana puani mwangu hunyamazisha hata mdomo huu wangu msioushinda kwa maneno: harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya kompyuta kuukuu, na harufu ya ugoro. Ni nadra zikutane, nakubali. Lakini mwezi uliopita niliingia kwa fundi mmoja mjini Kericho, mzee wa kunusa ugoro, akiwa amewasha mashine fulani ya zamani, na papo hapo nikawa tena msichana wa darasa la tano, mvua ikipiga mabati juu ya kichwa changu.

Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha majani chai, upande wa Sotik. Baba alikuwa karani wa kupima majani. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni wakati mhasibu mmoja wa hapo alipohamishwa, akauza vitu vyake vya nyumbani. Wenzake Baba waligombania viti na godoro. Baba akarudi na kompyuta ya kukunjwa, hii tunayoiita laptopu siku hizi, nzito kama tofali. Mama aliitazama, akamuuliza kama inakamuliwa.

Baba hakuwa amerukwa na akili. Dada yangu Chelangat alikuwa amemaliza kidato cha nne, akasomea kompyuta kidogo mjini Kericho, na mwalimu mkuu wa shule moja ya upili alikuwa amemwahidi kazi ya kuchapa mitihani, mradi aje na mashine yake shule zikifunguliwa. Bila kazi hiyo, njia iliyobaki ilikuwa kikapu mgongoni na kuchuma majani kwenye mashamba ya wenyewe. Mama alikuwa ameifanya tangu usichana wake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, havitakati kwa sabuni yoyote, na aliapa kwamba vya binti yake havitakuwa hivyo.

Kwa kuogopa mikono yetu sisi wadogo, Baba aliifunga mashine kwa neno la siri. Kila jioni aliiwasha, akatugeuzia mgongo wake mpana, akabonyeza anachobonyeza, kisha akamwachia Chelangat kiti.

"Hiyo neno nitawapatia siku mtajua kunawa mikono," alituambia huku akicheka.

Tulidhani muda upo. Mwaka ule mvua ilizidi, na malaria ikapanda mpaka kwetu vilimani ambako watu hawakuizoea. Ilimmaliza Baba chini ya wiki moja. Katika homa yake alizungumza habari za mizani na magunia yaliyolowa, na hakuna aliyefikiria kumuuliza juu ya kompyuta. Nani angemuuliza mgonjwa jambo kama hilo?

Tulimzika shambani kwetu, kisha kiwanda kikatupa mpaka mwisho wa mwezi kuhama. Huko shambani hakukuwa na stima, na betri ya mashine ilikufa zamani. Iliishi kwa waya wa ukutani tu. Kwa hiyo tulipaswa kulipata lile neno kabla ya kufunga virago.

Chelangat alijaribu majina yetu sote siku ya kwanza, la Baba likitangulia. Mashine ilitoa mlio wake, *tii*, ikakataa. Mjomba alishikilia kwamba lazima ni jina la ng'ombe wetu mwekundu, kwa kuwa Baba alimpenda kuliko mashemeji zake. *Tii*. Mchungaji aliiwekea mikono, akaiombea kwa sauti kubwa, nayo ikanyamaza kwa heshima kisha ikauliza neno lilelile. Fundi mmoja wa Kericho wa siku hizo aliigeuzageuza.

"Madam, hii wamefunga huko chini kabisa," alimwambia Chelangat. "Mpaka iende Nairobi, na hata huko siwezi kukuahidi."

Siku mbili tatu kabla ya kuhama, Kogo, mama yake Baba, alivuta kigoda chake mpaka mezani. Alikuwa amekuja kwa mazishi na hakuwa amerudi kwake. Kaburini hakulia, na wanawake walimsema kwa hilo.

"Inataka nini?" aliuliza.

"Inataka jina, Kogo. Ni Baba tu alijua," Chelangat alimjibu.

Sasa, kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa wanawake humwitia majina ya jamaa waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile ambalo ataliitikia kwa chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Mtoto akichelewa, ugoro kidogo karibu na pua humsaidia kukumbuka.

"Kogo, hii si mtoto," Chelangat alisema, maana alishaona mkono wa bibi ukitafuta kikopo cha ugoro.

"Hata mtoto hakuambii jina lake. Unamwitia mpaka akubali. Andika."

Akaweka ugoro kidogo kando ya vitufe. Mimi na mdogo wangu tulicheka mpaka Mama akatufinya. Kogo hakutujali. Akaanza mbali, kwa watu ambao hata Mama hakuwajua: Tapkigen. Kimurgor. Tabutany. Chelangat aliandika, mashine ikalia, ikazimika baada ya makosa machache, tukaiwasha upya. Kogo aliita kwa sauti ya chini ya kubembeleza. Aliita wajomba, akaita wakeze babu, akaita dada yake aliyefariki akiwa msichana. Kicheko chetu kiliisha chenyewe. Mama aliacha kufunga vyombo, akasimama mlangoni.

Kisha majina yakamwishia. Kogo alishikanisha mikono mapajani, midomo ikimchezacheza.

"Kiprono," alisema.

Lilikuwa jina la Baba. Nilifungua mdomo niseme kwamba hilo tulishalijaribu. Chelangat alinitazama, nikaufunga. Akaliandika, herufi moja, akangoja, herufi nyingine, mpaka likaisha. Mashine ikasema *tii*. Kogo akajifunika uso kwa shuka lake, akalia kwa sauti ambayo majirani waliisikia, wakaja mbio.

Tulihama. Mwalimu mkuu alisubiri kidogo, kisha akampa kazi mtu mwingine, na Chelangat akachukua kikapu. Mpaka leo bado anachuma.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho, bibi aliyeililia kompyuta. Kisha nikapata mtoto wangu wa kwanza. Wanawake walipokaa kumwitia majina, mmoja alimtaja mzee wa upande wa mume wangu, na wote wakamkemea kwa ukali. Mzee yule alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa hai. Aliye hai haitwi pale. Wanaoitwa ni waliokwenda tu.

Nilibaki nimemshika mwanangu. Nilielewa kwa nini Kogo alianza mbali vile, na kwa nini alimaliza ukoo mzima kabla ya kumfikia mwanawe. Iliniuma kwamba nilicheka.

Nilimweleza Chelangat tukiwa jikoni kwake, yeye akimenya viazi kwa vidole vile vyeusi. Hakuinua macho.

"Nilijua siku hiyo hiyo," alisema. "Ndiyo maana niliandika polepole."