Alasiri Baba Alipohamishwahamishwa Uwanjani

Juzi hapa Gitega nilimwona beki akivaa glavu za kipa aliyeumia, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Muyinga. Baba alianza mechi kama winga. Kocha akamrudisha kuwa beki, kisha akampeleka golini. Shuleni kwetu aliyehamishwa dawati ndiye aliyekosea, kwa hiyo niliamini Baba anafukuzwa timu. Hata karanga za kukaanga zilizouzwa pembeni sikuzitaka.

“Bado tu mumupe karanga auzishe!” mashabiki wa Muyinga walimcheka.

Mechi ilipokwisha nilimkimbilia kocha. “Tonton,” nilimwita kama mjomba, “usimfukuze Baba!”

“Nimufukuze? Mi nitapata wapi wengine watatu?”

Leo najua ile ilikuwa sifa. Siku ile nililia zaidi: kumbe walimfanyisha peke yake kazi ya watu watatu.