Mikate Aliyoahidi Deolinda

"Natércia, unaniibia umeme!"

Deolinda Arruda, mjane wa ghorofa ya chini yangu, alisimama mlangoni kwangu na bili mkononi. "Wewe una mume, una watoto wanaoshinda bafuni. Mimi naishi na paka. Kwa nini nilipe kukushinda?"

"Nikuibie umeme kwa kijiko, bibi wewe? Mita ziko chini. Twende."

Tukateremka. Mita yake ilikuwa inatambaa, yangu inakimbia. Umeme mwingi nautumia mimi, bili kubwa inakuja kwake. Akaketi juu ya mashine ya kufulia, akanieleza. Kabla ya kupasuliwa goti alikuwa amemwahidi Roho Mtakatifu kwamba akipona, atawaokea mtaa mzima mikate mitamu siku ya sikukuu ya Roho huyo. Goti lilipona, ndilo lililompandisha ngazi kuja kunitukana. Lakini jiko lake ni la umeme, na kwa bili ile hata chai alikuwa anaichemsha kwa woga. Ulikuwa mwezi wa tatu, sikukuu mwezi wa sita.

Nikaleta bili yangu, tukaziweka pamoja. Kampuni yenye nyaya kwetu sote ni ile ile. Ila anayetuuzia umeme wenyewe, kwangu ni yule aliyechaguliwa na halmashauri ya mji; kwake ni kampuni nisiyoijua.

"Hawa ni akina nani?"

"Aa, yule kijana mzuri! Aligonga, akaniita shangazi. Mama yake ni wa kisiwa cha São Miguel, kule Ureno, kama sisi. Nikampa kahawa na mkate, akaomba kuiona bili, nikaweka sahihi kwenye fomu yake."

"Deolinda!"

"Mtu amekula mkate wangu, nimfiche bili?"

Halmashauri hununua umeme wa mji mzima kwa mkupuo, kama anayenunua gunia badala ya kikombe. Sisi wengine tuliingizwa bila kusumbuliwa, na asiyetaka alijitoa. Aliyekwisha kujifunga na muuzaji mwingine aliachwa huko huko. Si kwamba kila mwezi bei yetu ndiyo ya chini kuliko zote, hapana. Lakini bei imefungwa, haikurupuki, na mjane anaweza kupanga.

Tukapiga simu. Mwanamke wa halmashauri, Mungu ambariki, alimsikiliza Deolinda akisimulia goti zima tangu kuanguka hadi kushonwa, kisha akatueleza: aachane na wale, ajiunge. Muda wa mkataba ulikuwa umekwisha, kwa hiyo hakuna faini. Mita iliposomwa tena, akahamishwa. Bili iliyofuata Deolinda aliibusu.

Mwezi wa sita harufu ya mikate ikatuamsha alfajiri. Ilipofika saa sita mchana mtaa wote ulikuwa unatafuna. Akapanda kwangu na mmoja, bado wa moto, umefungwa kwa kitambaa.

"Roho Mtakatifu nimeshamlipa. Huu ni wako, kwa lile neno la wizi."

"Mdogo," nikamwambia.

"Basi nirudishie!"

Nikafunga mlango, mkate nimeukumbatia.