Kamba Niliyoitunga Ndiyo Iliyonitoa Jicho

Admin, nifiche jina, wajukuu zangu wanausoma sana ukurasa huu. Nina miaka sabini na minne, naishi Kawe na mume wangu, na Jumamosi hii watoto wanatufanyia sherehe ya miaka hamsini ya ndoa. Nina jicho moja. Wao wanajua la pili lilitolewa na kamba iliyokatika kazini.

Enzi za Ujamaa tulifanya kazi karakana moja Temeke, yeye fundi wa kuchomelea, mie msaidizi. Tulikuwa tunajaribu mfano mdogo wa boya la kufungia meli kwenye kina kirefu. Bwawa letu la majaribio halikuwa na kina hicho, kwa hiyo kamba za nanga zilifupishwa, chini ikawekwa springi ivute badala ya urefu uliokosekana. Lakini waya tuliotumia kama kamba ulikuwa mwepesi, haukulala majini kama mnyororo wa kweli. Nikautungia vichubwi vya risasi, vile vizito vidogo vya kuzamishia mshipi, kimoja kimoja, hapa nabana, pale naachia, mpaka ukakubali.

Mhandisi aliyesimamia majaribio alifurahi, akaniuliza mbele ya watu nimejifunza wapi. Mie na mdomo wangu nikajibu, "Kwenye shanga za kiuno, ndugu mhandisi." Wanaume wakaangua kicheko. Shanga zile ni siri ya mke na mume, hazitajwi karakana. Nilijua nimeteleza.

Mume wangu alisubiri wenzetu waende kula. Akaichukua ile kamba, akaizungushia mkononi. "Na hicho kiuno umemwonyesha lini?"

Alinipiga nayo mgongoni, shingoni, na nilipoanguka akanipiga usoni. Risasi zilinipasua mdomo, meno yakatoka na damu. Nilipogeuka kumwomba, pigo likaingia jichoni. Hospitali akasema kamba ilikatika kwenye majaribio ikanirudia. Nikaitikia, maana nilikuwa na mimba na sikuwa na pa kwenda. Nilimchukia, nikamzalia, nikampikia.

Juzi mjukuu wangu alitoroka kutoka kwa mumewe Ubungo, akaja kwetu mdomo umevimba, alama za mkanda shingoni. Baba yake, mwanangu wa kwanza, akamwambia arudi, ndoa ni uvumilivu. "Mwangalie bibi yako. Miaka yote hiyo, ulishasikia babu kamnyanyulia mkono?"

Yule mtoto akanitazama nimsaidie. Nikainamia ungo, nikaendelea kuchambua mchele. Jioni mumewe akaja kumchukua.

Jumamosi nitapewa maiki nimshukuru mume wangu. Amepooza upande mmoja, namlisha kwa mkono wangu. Jana nilimwambia nataka kusema kweli, akalia, akasema nitawaua watoto kwa aibu. Nilimwonea huruma, siwaongopei. Lakini mjukuu wangu naye atakuwa amekaa pale ukumbini, ubavuni mwa mumewe, ananisikiliza.

Nishaurini wanangu, nikishika hiyo maiki niseme nini?