Mvinyo wa Dodoma Mbele ya Pilipili ya Chamazi

Jumamosi asubuhi nilitoka Kinondoni kwa gari la kukodi, roho juu. Mdogo wangu Neema anaolewa na Joni, kijana wa Kigoa, wenye asili ya Goa, India, wa Chamazi. Baba yetu analima zabibu Dodoma na hutengeneza mvinyo wake mwenyewe, na kwa harusi hii aliomba jambo moja tu: mvinyo wake uwe mezani. Lakini mpishi ni Mama Lusi, mama yake Joni, naye alishasema wazi, "Nitauonja na chakula changu kwanza. Usipopatana nacho, tutanunua mwingine."

Mbagala tulikwama kwenye foleni, jua likipiga kioo. Nilifunika ndoo ya barafu yenye chupa ya mvinyo, nikafunua, nikafunika tena. Baba akapiga simu.

"Umefika?"

"Bado, baba."

"Ile chupa ya mvinyo mwekundu usiiweke kwenye barafu."

"Nimeipakata. Kwenye barafu ipo nyeupe."

"Ile juisi ya mama yako? Umeibebea nini?"

Nikasema foleni inasogea, nikakata simu. Mama ana mizabibu yake pembeni mwa shamba, na mvinyo wake hataki ukauke utamu wote. Baba huugawa kwa wageni wasiojua kunywa.

Chamazi, kabla sijafika mlangoni, harufu ya siki na kitunguu saumu ilishanipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kisipoe."

Mama Lusi alipakua vindalu: nyama ya nguruwe iliyolala kwenye siki na pilipili nyekundu hadi ikalainika. Nikammiminia nyekundu. Alitafuna, akanywa. Kisha akavuta jagi la maji.

"Esta, baba yako ana ugomvi na sisi?"

Nilionja mwenyewe. Ulimi uliwaka. Peke yake mvinyo ule ni mzuri, lakini una ukakasi, kama ganda la ndizi mbichi, na ukakasi ukikutana na pilipili huichochea. Simu ikatetemeka mfukoni. Baba. Nikaiacha.

"Naomba tujaribu na hii," nikasema, nikaitoa nyeupe kwenye barafu, chupa ikitoka jasho.

Mama Lusi alikunywa kidogo tu, kwa adabu. Akarudi kwenye nyama. Akanywa tena. Utamu ulituliza pilipili, na uchachu wa zabibu ukashikana na ule wa siki. Mara hii jagi hakuligusa.

"Huu ndio ukae na vindalu yangu," akasema. "Nani kautengeneza?"

"Mama."

"Na ule wa mzee tusiumwage. Siku ya harusi si mtaleta ndafu? Mbuzi wa kuchoma hana pilipili. Wataelewana."

Wakati wa kurudi, foleni ya Mbagala ilikuwa palepale. Nawe ukipika chakula cha Kihindi chenye pilipili, tafuta mvinyo wenye utamu kidogo, uupoze vizuri. Wenye ukakasi uache usubiri nyama ya kuchoma. Hilo ni rahisi kulieleza. Kumweleza baba ndiko kulikonifanya niishike simu muda mrefu kabla ya kupiga.

"Haya, sema," akaitikia.

"Nyekundu itakaa na ndafu, baba. Kwenye chakula cha Mama Lusi wanataka nyeupe. Makreti."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Kisha nikamsikia akiita, sauti ikielekea uani:

"Mama Esta! Njoo. Kuna mteja wako hapa."